Urani, bomu na majirani zetu: maswali niliyoulizwa Takaba

Takaba ni mji wa Mandera Magharibi, mbali na lami, karibu na mpaka wa Ethiopia. Nilikaa huko nikisomesha fizikia, na kila mtu alinijua kwa jina moja tu: mwalimu. Pale redio ndiyo gazeti. Alasiri wazee hukaa nje ya hoteli ya chai wakasikiliza habari kwa Kisomali, kisha zikaanza hoja za kutafsiri dunia.

Mwezi wa Juni 2025 Israel ilianza kuishambulia Iran tarehe 13, na tarehe 22 Marekani ikapiga mabomu vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Jioni ile mzee mmoja mwenye ngamia wengi aliniita akaniuliza, "Mwalimu, moshi wa huko utafika hapa? Utaingia kwenye lambo wakanywa ngamia?"

Nilimjibu hapana, nikamweleza sababu kwa ufupi. Lakini maswali yakazidi siku zilizofuata. Je, kweli Somalia kuna madini ya bomu? Je, wale wa msituni wanaweza kulitengeneza? Ethiopia ikijenga mtambo wa nyuklia, si ndiyo bomu hilo? Niliporudi nyumbani Pwani nikakuta watu wanauliza yayo hayo, wakiongeza la Uyombo. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, ili mwenye kutaka kuelewa asome, na mwenye kubishana abishane akiwa na hesabu mkononi.

Bomu hutengenezwa vipi

Urani ni madini kama madini mengine. Huchimbwa ardhini, husagwa, huoshwa kwa asidi, na mwisho hutoka unga wa rangi ya manjano ambao hutiwa kwenye mapipa na kuuzwa. Unga huo hauripuki. Katika urani inayotoka ardhini, aina inayoweza kupasuka kwa urahisi, yaani urani-235, ni asilimia 0.7 tu. Iliyobaki karibu yote ni urani-238, ambayo peke yake haiwezi kuwa bomu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuitenganisha ile kidogo na ile nyingi. Hiyo ndiyo inayoitwa kurutubisha urani. Unga hugeuzwa kuwa gesi, gesi ikapitishwa kwenye maelfu ya mashine zinazozunguka kwa kasi mno, moja baada ya nyingine, miezi na miezi. Ikifika asilimia 3 hadi 5, inatosha kuendesha kinu cha umeme. Ikifika kama asilimia 90, inafaa kwa bomu. Iran ilikuwa imefika asilimia 60, na kabla ya mashambulizi ya Juni 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za kiwango hicho. Hapo ndipo wasiwasi ulipotoka. Kutoka 0.7 hadi 5 ndiko kwenye kazi kubwa, na aliyefika 60 amebakiwa na hatua fupi.

Njia ya pili ni plutoniamu, ambayo huzaliwa ndani ya kinu cha nyuklia na kutolewa kwenye mabaki ya fueli kwa kazi ngumu ya kemia. Bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, lilikuwa la urani. Lile la Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoniamu. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki.

Sasa jibu la mzee wa ngamia. Vituo vilivyopigwa Iran vilikuwa vya kusindika na kurutubisha urani, si vinu vinavyowaka. Gesi ya urani ikivuja ni sumu kali kwa walio karibu, lakini haisafiri nchi kwa nchi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilitangaza baada ya mashambulizi kwamba mionzi nje ya vituo hivyo haikupanda. Na kutoka Natanz hadi Takaba ni kiasi cha kilomita 3,500.

Ingekuwa jambo jingine kama kingepigwa kinu cha umeme cha Bushehr, kilichoko ukingoni mwa Ghuba. Hicho kinawaka, na ndani yake mna mionzi mingi. Nchi za ng'ambo ya Bushehr, kama Qatar na Kuwait, hunywa maji ya bahari hiyohiyo yaliyotolewa chumvi. Jamaa zetu wangapi wako huko wakiendesha magari, wakilinda milango na kulea watoto wa watu? Hatari kwetu ingeanzia kwao, na baadaye kwenye bei ya mafuta. Lambo la Takaba lingekuwa mbali katika orodha.

Nani ana silaha hizi

Ni nchi tisa. Tano zinatambuliwa na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Nne ziko nje ya mkataba huo: India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Israel haijawahi kukiri wala kukanusha. Jumla ya vichwa vya nyuklia duniani ni zaidi ya 12,000, na vingi mno ni vya Urusi na Marekani.

Mkataba ulifunguliwa kutiwa saini 1968 na kuanza kazi 1970, na Kenya imo tangu mwaka huo wa 1970. Makubaliano yake ni matatu. Wasio na bomu hawatalitafuta. Walio nalo watafanya mazungumzo ya kulipunguza mpaka liishe. Na kila mmoja ana haki ya kutumia nyuklia kwa umeme, hospitali na kilimo, mradi akubali kukaguliwa na IAEA. Wasio nalo karibu wote wametimiza sehemu yao. Wengi wa walio nalo wamepunguza tangu enzi za Vita Baridi, lakini kulimaliza bado.

Tazameni pia namna silaha hizi zinavyoenea. Haziendi kama mafuriko, huenda jirani kwa jirani. China ilijaribu bomu 1964, India ikajaribu lake 1974, kisha tena tarehe 11 na 13 Mei 1998. Mwezi haukwisha, tarehe 28 na 30 Mei, Pakistan nayo ikajibu. Mwaka 2018 mrithi wa ufalme wa Saudia alisema wazi kwamba Iran ikipata bomu, nchi yake nayo italitafuta haraka. Mnamo tarehe 17 Septemba 2025 Saudia na Pakistan zilitia saini mkataba wa ulinzi unaosema kwamba kushambuliwa kwa mmoja ni kushambuliwa kwa wote wawili. Mmoja wao ana bomu.

Wala biashara yake haikupita mbali nasi. Mwanasayansi wa Pakistan, Abdul Qadeer Khan, aliendesha mtandao wa kuuza mashine za kurutubisha urani, na mzigo ulipita Dubai, bandari ileile tunakonunua magari na vitambaa. Oktoba 2003 meli iitwayo BBC China, iliyobeba vipuri hivyo kuelekea Libya, ilisimamishwa ikapekuliwa Italia. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Disemba, Libya ikatangaza kwamba inaacha mpango wake. Miaka minane mbele Gaddafi akauawa katika vita ambavyo ndege za NATO zilishiriki. Korea Kaskazini hulitaja jambo hilo kila inapoambiwa iweke silaha chini. Kwa hiyo ugomvi juu ya bomu haumalizwi kwa saini peke yake. Anayeacha silaha anataka kujua atalindwa na nani.

Urani ya Afrika na damu ya Afrika

Urani nyingi iliyotumika kwenye mradi wa bomu la kwanza ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili cha Kongo. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mwamba huo hadi New York mwaka 1940, zikakaa ghalani mpaka jeshi la Marekani lilipokuja kuziulizia. Wakongo waliouchimba na kuupakia kwa mikono hawakuambiwa ni wa nini. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilitangaza kuufunga mgodi, na mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka ikaua wachimbaji waliokuwa wakijitafutia riziki.

Kongo ndiko pia kulikojengwa kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika, mjini Kinshasa, 1959. Vijiti viwili vya fueli vya kituo hicho viliibwa miaka ya 1970. Kimoja kilipatikana Italia 1998 mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Kijiti kama hicho hakitoshi bomu, lakini kinaonyesha kwamba kufuli mbovu Kinshasa inaweza kuwa kesi ya polisi Ulaya.

Nchini Algeria, Ufaransa iliripua bomu lake la kwanza Reggane, jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960. Hadi 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika ardhi hiyo. Hasira ya majaribio hayo ndiyo iliyowafanya viongozi wa Afrika, walipokutana Cairo 1964, watangaze kwamba bara hili liwe bila silaha za nyuklia.

Lakini kisa ninachotaka kila msomaji akikumbuke ni cha Niger. Tarehe 28 Januari 2003 Rais wa Marekani alilihutubia taifa lake akasema Saddam Hussein ametafuta urani Afrika. Tarehe 7 Machi mkuu wa IAEA, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hati zilizodai mauzo ya urani kutoka Niger hazikuwa za kweli. Tarehe 20 Machi vita vikaanza hata hivyo. Karatasi za uongo juu ya urani ya Afrika zilikuwa miongoni mwa sababu zilizotangazwa za kuivamia Iraq.

Barua ya 2017

Hapo ndipo nirudi kwenye swali la pili la Takaba. Je, Somalia ina urani? Ndiyo. Dalili zake zilionekana tangu wataalamu walipopima miamba miaka ya 1960, eneo la Bur huko kusini, na baadaye Galguduud na Mudug katikati ya nchi. Haijawahi kuchimbwa kibiashara.

Agosti 2017 aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Somalia, Yusuf Garaad Omar, alimwandikia barua balozi wa Marekani, Stephen Schwartz, akiomba msaada wa kijeshi. Barua ilidai kwamba al-Shabaab wameteka sehemu zenye urani huko Galmudug, wanaichimba, na wanakusudia kuipeleka Iran. Barua ikavuja, ikasambaa. Wataalamu wengi waliitilia shaka, na nataka mwone sababu kwa hesabu ndogo niliyoifanya ubaoni na wanafunzi wangu.

Bomu moja huhitaji kama kilo 25 za urani-235. Kwa kuwa urani asilia ina asilimia 0.7 tu, na kwa kuwa kurutubisha hakutoi yote, inabidi uanze na kiasi cha tani 6 za urani asilia. Tuseme mwamba una urani sehemu moja katika elfu. Basi utachimba tani 6,000 za mwamba. Kwa lori la tani kumi, hayo ni malori 600. Mwamba huo usagwe, uoshwe kwa asidi na maji mengi, katika nchi ambayo kisima kimoja hugombaniwa na koo mbili. Kisha unga upakiwe, upite bahari iliyojaa manowari za mataifa, ufike Iran, ambayo ina migodi yake yenyewe. Kila hatua inaonekana angani kwa setilaiti. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alicheka akasema, "Mwalimu, hata barabara ya malori hayo hakuna."

Sisemi al-Shabaab si hatari. Mandera inawajua kuliko mimi. Tarehe 22 Novemba 2014 waliwashusha abiria wa basi lililotoka Mandera wakawaua watu 28, na siku kumi baadaye wakawaua wachimbaji mawe 36 huko Koromey. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliangamia watu 148 chuoni, wengi wao wanafunzi. Waliyafanya hayo kwa bunduki na mabomu ya kawaida. Hawahitaji urani ili watutie msiba, na anayewaongezea nguvu wasizokuwa nazo anawafanyia kazi yao ya kutisha watu.

Kuna madhara mengine ya maneno kama yale. Kaskazini mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991. Wagalla, Wajir, Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege na askari wa serikali, wakauawa kwa mamia. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi za rangi ya peke yake. Yote hayo yalifanywa kwa jina la usalama. Mzee wa Takaba anayeuliza habari za urani hauliza kwa udadisi tu. Anajua kwamba neno likishatamkwa juu ya jangwa lake, atakayeulizwa kizuizini ni mwanawe. Nasi wa Pwani tulioona vijana wetu wakichukuliwa usiku na wengine wasirudi, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mashindano ya majirani

Takaba iko kwenye pembe ambayo wakubwa wameigombania kwa muda mrefu. Miaka ya 1970 Wasovieti walikuwa Berbera. Mwaka 1975 waziri wa ulinzi wa Marekani alionyesha picha za ghala la makombora huko. Vita vya Ogaden vilipozuka 1977, Moscow ikahamia upande wa Ethiopia, na Novemba mwaka ule Siad Barre akawafukuza Wasovieti. Mwaka 1980 Marekani ikapata ruhusa ya kutumia bandari za Mombasa na Berbera, pamoja na vituo vya Oman. Meli zake za kivita zilipotia nanga Kilindini, desturi ya jeshi lake ilikuwa kutosema kama zimebeba silaha za nyuklia au la. Watu wa Likoni walipanda feri mkabala na meli hizo bila ya kujua.

Na hayo yalikuwa baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha, tarehe 16 Disemba 1971, azimio la kuifanya Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Azimio lipo mpaka leo. Kambi ya Diego Garcia nayo ipo.

Leo wachezaji wameongezeka. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia ilitia saini hati ya maelewano na Somaliland ikitafuta njia ya bahari. Somalia ikakasirika, na Agosti ikafunga mkataba wa kijeshi na Misri, ambayo ina ugomvi wake na Ethiopia juu ya maji ya Nile. Silaha za Misri zikashuka Mogadishu. Uturuki, yenye kambi ya mafunzo hapohapo Mogadishu tangu 2017, ikawapatanisha Ethiopia na Somalia mjini Ankara Disemba 2024. Askari wa Ethiopia wako Gedo, mkoa wa Somalia unaopakana na Mandera. Katikati ya 2025 vita kati ya Mogadishu na Jubaland vilimwagika hadi mjini Mandera, askari wa Jubaland wakavuka mpaka.

Katikati ya ugomvi huu nyuklia nayo imeingia. Misri inajengewa na kampuni ya Urusi, Rosatom, vinu vinne El Dabaa, vya jumla ya megawati 4,800. Tarehe 9 Septemba 2025 Ethiopia ilipozindua bwawa lake kuu la Nile, Waziri Mkuu Abiy Ahmed alitangaza nia ya kujenga mtambo wa nyuklia, na mwezi uleule nchi hizo mbili, Ethiopia na Urusi, zikatia saini mpango wa kazi.

Je, hilo ni bomu? Si lazima, na mara nyingi siyo. Kinu cha umeme hutumia urani ya asilimia 5 au chini. Fueli huletwa na muuzaji na hesabu yake huwekwa na wakaguzi wa IAEA. Swali la kuuliza ni moja: je, nchi hiyo inarutubisha urani yenyewe, au inatenga plutoniamu? Umoja wa Falme za Kiarabu ulijenga vinu vinne Barakah, na mwaka 2009 ulikuwa umekubali kwa mkataba na Marekani kutofanya lolote kati ya hayo mawili. Ahadi kama hiyo hupunguza hofu ya bomu. Wakenya tukisikia kinu cha Ethiopia, au Uganda, au chetu wenyewe, tuulize hilo kabla ya kupiga kelele au kupiga makofi.

Mkataba wa Pelindaba

Afrika ina ngao yake. Ni mkataba uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kazi tarehe 15 Julai 2009, ulipoidhinishwa na nchi ya 28, jirani yetu Burundi. Uliitwa Pelindaba kwa jina la kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini, nchi iliyounda mabomu sita kisirisiri na kuyavunja yenyewe. Rais de Klerk alilikiri jambo hilo bungeni Machi 1993.

Mkataba unakataza kutengeneza, kuweka au kujaribu bomu la nyuklia barani. Unakataza pia mambo mawili yanayotuhusu sana: kutupa taka za mionzi Afrika, na kushambulia kituo cha nyuklia kwa silaha. Lakini unaiachia kila nchi uamuzi wa kuruhusu meli na ndege za kigeni kupita au kutia nanga. Na Misri, iliyokuwa mwenyeji wa kutia saini, haijauidhinisha, kwa hoja ya silaha za Israel.

Habari ya taka nayo si hekaya tupu. Baada ya tsunami ya Disemba 2004, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilitaja taarifa za mapipa ya taka hatari yaliyotupwa na bahari kwenye fukwe za Somalia. Mwandishi wa Kiitaliano Ilaria Alpi, aliyekuwa akifuatilia biashara ya silaha na taka, aliuawa Mogadishu tarehe 20 Machi 1994 pamoja na mpiga picha wake, Miran Hrovatin. Kule kaskazini watu wakiugua saratani husema ni taka zilizozikwa. Dawa ya neno hilo ni kipimo: maji ya visima yapimwe mionzi, na majibu yabandikwe ukutani kwa lugha ambayo mwenye kisima anaisoma. Pasipo kipimo, mwenye hofu na mwenye kuficha hubaki sawa.

Na sisi Pwani

Uyombo, Kilifi, palipendekezwa kujengwa kinu cha kwanza cha Kenya, cha megawati 1,000, kando ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mei 2024 wenyeji waliandamana wakapambana na polisi. Mwaka 2025 viongozi wa serikali wakaanza kuitaja Siaya. Hoja za wana-Uyombo zilikuwa samaki, ardhi na kuulizwa rai zao, nazo ni hoja nzito. Kisa cha Iran kinaongeza moja: kinu kikishajengwa, huwa shabaha. Zaporizhzhia, Ukraine, kituo kikubwa kuliko vyote Ulaya, kiko mikononi mwa askari wa Urusi tangu Machi 2022. Anayetaka kujenga kinu kando ya bahari, katika eneo lenye mashindano kama hili letu, atueleze kitalindwa na nani, na fueli iliyotumika itakaa wapi.

Tanzania nayo inafungua mgodi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma, pamoja na kampuni ya Kirusi. Mapipa ya unga wa manjano yatasafirishwa katika ukanda wetu huu. Si mabomu, lakini ni mzigo wa kuhesabiwa kila pipa.

Mwisho, hatari iliyo karibu nasi kuliko bomu la mtu yeyote. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, vijana waokota chuma chakavu waliingia kwenye kliniki iliyoachwa wakachukua mashine ya kutibu saratani. Ndani mlikuwa na sesiamu-137, unga unaong'aa buluu gizani. Watu waliustaajabia, watoto wakajipaka. Wanne walikufa, na zaidi ya 200 wakapatikana na mionzi mwilini. Biashara ya chuma chakavu hapa Mombasa, Malindi na Garissa ni kubwa. Ukikuta kifaa kizito kupita ukubwa wake, chenye kasha la risasi na alama ya mapanga matatu yaliyozunguka nukta, usikifungue wala usikipime kilo. Ondoka, zuia watoto, mwite polisi ili waiarifu Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya.

Siku yangu ya mwisho Takaba yule mzee alinikaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Nilimwonyesha kwenye daftari zile hesabu za malori 600. Aliziangalia kwa muda, akaniuliza kama naweza kumwandikia kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na mwanawe amsomee. "Siku watakapokuja kuniuliza," akasema, "niwe nina kitu cha kuwaonyesha."

Nilimwandikia. Makala hii ndiyo karatasi ile, imerefuka kidogo.